Ukuta wa magharibi: nilivyojifunza kuchora hosteli isiyokula umeme

Mwaka wa kwanza chuo nililala kitanda cha juu, dabo deka ya chuma, chumba cha mwisho kabisa kwenye korido, ghorofa ya tatu ambayo juu yake ni bati tu. Kwenye karatasi tulipangwa wanne lakini ukweli tulikuwa sita, maana kila mwaka kuna wenzetu wanakosa vyumba na wanakuja kubebana, na utamkatalia vipi mtu mmetoka naye shule moja na hana pa kulala. Kitanda changu kilikuwa kimeegemea ukuta wa magharibi. Saa tano usiku, jua limeshazama zamani, nikiweka kiganja kwenye ule ukuta nausikia wa moto kama bakuli la uji lililotoka jikoni sasa hivi. Nilikuwa nalowesha kanga kwenye ndoo, naikamua, najifunika nayo napata usingizi, ikifika saa nane imeshakauka naamka tena nashuka kuilowesha.

Feni ilikuwepo, pangaboi moja ya dari, na ilikuwa inazunguka vizuri tu, shida ni kwamba hewa iliyokuwa inaizungusha ni ile ile iliyopikwa na bati mchana kutwa. Dirisha ni la aluminiamu la kuslaidi, mlango tunafunga kwa komeo kwa sababu ya wezi wa laptopu, kwa hiyo hewa ikitaka kuingia haina pa kutokea, na hewa isiyo na pa kutokea haiingii. Hii sentensi ya mwisho ningeomba kila anayejenga hosteli nchi hii aibandike mbele ya meza yake.

Mchana nilikuwa nasoma usanifu majengo. Nafundishwa jua linapita wapi, upepo unatoka wapi, jioni narudi kulala kwenye jengo ambalo hayo yote hayakuulizwa. Iliniuma, na bado inaniuma, kwa sababu wale watu sita mle ndani walikuwa wanaenda kufanya mtihani asubuhi.

Sasa hivi mimi ndo nashika kalamu. Mwaka juzi ofisi yetu ilipata kazi ya kuchora hosteli ya chuo kimoja cha kati nje kidogo ya Dar, njia ya Kibaha, bloku mbili za ghorofa, kila bloku vyumba 72 vya wanafunzi wanne wanne, yaani watu 288 kwa bloku. Maelekezo ya mteja yalikuwa karatasi moja na nusu na ndani yake kulikuwa na sentensi niliyoipigia mstari: gharama za umeme ziwe chini maana ada ya hosteli haiwezi kupanda.

Kikao cha kwanza kila mtu alikuja na kifaa chake. Mmoja anataka sola juu ya paa, mwingine anataka taa zinazojizima zenyewe mtu akipita, na mkurugenzi wa fedha alikuwa amenitumia WhatsApp usiku wake picha za jengo la makazi la Cornell Tech pale kisiwa cha Roosevelt, New York, ghorofa 26, lilifunguliwa 2017, limejengwa kwa kiwango kinachoitwa Passive House na linasifiwa kwa kutumia nishati kidogo sana. Akaniuliza, dada, hii kwetu inawezekana? Swali zuri, na nilifurahi kwamba ameuliza. Jengo lile waliolifanya wanajua kazi yao, ila shida kubwa waliyokuwa wanaitatua ni baridi ya New York. Wameziba kila upenyo, kuta zimevalishwa blanketi nene, hewa inaingizwa na mashine ambayo inachukua joto la hewa inayotoka na kulirudisha ndani. Sisi Februari usiku nje kuna kama digrii 25 au 26, ndani ya chumba chenye watu wanne kunazidi, na unyevu ni mwingi kiasi kwamba jasho halikauki mwilini. Chumba cha namna hiyo ukikiziba utalazimika kukinunulia AC. Wao wanaziba, sisi inabidi tufungue, na kufungua nako kuna ufundi wake.

Nikaomba dakika kumi. Nilichukua rimu ya karatasi za A4 nikailaza mezani kama jengo, nikawasha tochi ya simu kama jua. Dar ipo karibu digrii 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la saa sita linakuwa karibu na utosi mwaka mzima: Juni linaegemea kaskazini, likiwa juu kama digrii 60 kutoka upeo wa macho, Desemba linaegemea kusini likiwa juu zaidi, kama digrii 73. Katikati ya hapo, kuanzia mwanzoni mwa Machi mpaka kwenye tarehe 10 hivi ya Oktoba, jua la mchana linatupigia upande wa kaskazini. Hilo jua la juu ni rahisi kulizuia, dirisha la kusini lenye kimo cha mita moja na nusu linahitaji kibaraza cha juu, yaani kipande kinachochomoza juu ya dirisha, cha nusu mita tu, la kaskazini linahitaji kama sentimita 90. Lakini jua la saa kumi na moja jioni limelala, linaingia usawa wa macho, hata ukiweka kibaraza cha mita mbili linapita chini yake linaenda kukaa ukutani na ukuta wa bloku za saruji unalitunza mpaka usiku. Nikaigeuza ile rimu, ubavu mwembamba ukaangalia machweo, mgongo mrefu ukaangalia kaskazini na kusini, na hata yule mzee wa bodi aliyekuwa anasinzia akasogeza kiti.

Tatizo ni kwamba kiwanja kilikuwa na barabara upande wa magharibi na mchoro wa mwanzo aliokuwa nao mteja ulikuwa umelielekeza jengo zima barabarani, uso mrefu wote, madirisha 72 yanaangalia jua la jioni. Watu wetu wanapenda jengo liangalie barabara. Mzee akasema litaonekana limewapa wageni ubavu. Tukaongea sana, mwisho tukakubaliana ule ubavu usiwe na dirisha hata moja na badala yake uandikwe jina la chuo kwa herufi kubwa, linaonekana mpaka kwenye daladala. Hiyo kugeuza jengo haikuongeza hata mfuko mmoja wa saruji.

Upepo nao ulitusaidia kwa namna ambayo mpaka leo nikiifikiria nafurahi. Pwani yetu tuna kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi unavuma toka kaskazini mashariki, halafu kusi unashika kuanzia Aprili mpaka Septemba Oktoba toka kusini mashariki. Wote wawili wanatoka upande wa jua linapochomoza. Maana yake ncha ya magharibi ya jengo ndo inayochomwa na jua la jioni na ndo ambayo upepo unaishia mwaka mzima. Basi tukapeleka huko vyoo, mabafu na ngazi. Vyoo vinakula lile joto badala ya mtu kulila akiwa kitandani, sakafu inakauka haraka, na harufu inaenda zake haipiti vyumbani. Mwanafunzi wa chumba cha mwisho, yule ambaye ningekuwa mimi, ana ngazi na vyoo kati yake na jua.

Haya si mambo mapya jamani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU pale Lumumba, kikahamia Mlimani 1964, na waliopanga ile kampasi, wasanifu wa Kiingereza Norman na Dawbarn, waliipandisha kilimani ambako upepo unafika. Mwaka 1971 Umoja wa Mataifa ukatoa yale majedwali ya Mahoney, yaliyotokana na kazi ya Carl Mahoney na wenzake kina Otto Koenigsberger, unajaza joto la kila mwezi, unyevu, mvua na upepo wa mahali ulipo, halafu unasoma jengo lako linatakiwa liweje. Ukijaza ya sehemu ya joto na unyevu kama Dar majibu yanatoka hivi: jengo lirefuke mashariki na magharibi, majengo yaachiane nafasi upepo upite, vyumba viwe mstari mmoja tu, na madirisha yachukue asilimia 40 mpaka 80 ya ukuta. Kwa mkono, kwa penseli, bila kompyuta. Tulivyokuja kuacha sielewi vizuri, nadhani ni presha ya idadi, vyuo vimejaa watu na kila mtu anakimbizana na vitanda. Pale Mlimani mwaka 2017 zilifunguliwa hosteli za Magufuli, majengo 20 ya kubeba wanafunzi 3,840, fikiria ukubwa wa uhitaji wenyewe. Ukiwa na foleni ya namna hiyo mlangoni swali la upepo unatoka wapi linaonekana la anasa.

Vita kubwa ilikuwa kwenye hayo maneno "mstari mmoja". Ukiweka korido katikati na vyumba huku na huku unatumia korido moja kwa vyumba viwili, msingi mfupi, paa fupi, kila kitu kifupi. Ukiweka vyumba upande mmoja tu korido inakuwa ndefu karibu mara mbili. Mkadiriaji majenzi wetu ni mtu makini, sipendi kubishana naye kwa sababu mara nyingi ana haki, na siku hiyo alikuwa na namba. Lakini chumba chenye korido katikati kina ukuta mmoja tu unaogusa nje. Upepo unagonga dirisha unarudi.

Yule mzee wa bodi akasema kitu kilichonifanya nifikirie siku mbili. "Mwanangu, sisi tumekulia Magomeni, nyumba ya Kiswahili, korido katikati vyumba huku na huku, mbona tulilala?" Ni kweli kabisa. Nilimjibu kikao kilichofuata. Nyumba ile mlango wa mbele na wa uani vinatazamana na mchana kutwa vyote viko wazi, korido ni njia ya upepo, na juu ya kuta kuna nafasi hewa inapanda. Halafu mchana hakuna mtu chumbani mzee wangu, watu wako barazani, wengine uani wanamenya vitunguu, chumbani mtu anaingia usiku kulala. Mwanafunzi anasomea kitandani, anakula kitandani, mchana wa Jumamosi yuko kitandani na laptopu tumboni. Na nyumba ya Magomeni haina ghorofa mbili juu yake. Akacheka, akasema marahaba, endelea.

Pesa tulizitafuta hivi. Korido ya katikati ni giza, taa zake zinawaka saa 24, ukiwa na taa 24 za wati 18 kwenye bloku hiyo peke yake ni kama unit 10 kila siku ya Mungu. Korido ya wazi upande wa kaskazini inatumia jua bure mpaka saa kumi na mbili na nusu jioni, tena yenyewe ndo kibaraza cha kukinga jua la Juni, kwa hiyo ule upande hatukuhitaji vibaraza vya madirisha. Tukaondoa dari za jipsamu za mikunjo mikunjo. Tukaondoa vigae vya korido tukasugua saruji. Tukaondoa feni za kuvuta hewa chooni. Hatukufika sawa, ilibaki tofauti, na sitaki nidanganye kwamba ilikuwa bure.

Kilichoimaliza ile tofauti ni hesabu ya AC, maana kuna mtu alishaanza kusema wanafunzi wa siku hizi watataka AC na tuache nafasi za kufunga. Nikaandika ubaoni. AC ya kawaida ya chumba ni kama wati 1,200, tuseme inawaka usiku masaa 8 na inajikatakata, unapata kama unit 6 kwa chumba, vyumba 72 ni unit 432 kwa usiku mmoja. Feni ya dari ya wati 60 kwa masaa 10 ni 0.6, vyumba 72 ni unit 43. Kwa bei ya kawaida ya unit, shilingi 350 na ushee ukijumlisha kodi, huku ni zaidi ya laki moja na nusu kwa usiku, huku ni elfu kumi na tano. Ukichukua zile feni mpya za mota ya DC zinazokula kama wati 30, hiyo elfu kumi na tano unaikata nusu. Na hewa inayotembea mwilini kwa mita moja kwa sekunde unaisikia kama joto limeshuka digrii 3 hivi, kwa sisi wa Dar hizo digrii 3 ndo usingizi wenyewe. Mkurugenzi wa fedha akaipiga picha ile hesabu. Nikamuongezea na habari ya Nairobi, kwamba Acorn wanaojenga hosteli za wanafunzi za Qwetu na Qejani walitoa hatifungani ya kijani, yaani walikopa kwa wawekezaji kwa ajili ya majengo yasiyoharibu mazingira, mwaka 2019, shilingi za Kenya bilioni 4.3, Januari 2020 ikaorodheshwa Nairobi na London, na majengo yale yanapimwa kwa cheti cha EDGE ambacho wakati ule kilikuwa kinataka uokoe angalau asilimia 20 ya nishati, ya maji na ya nishati iliyotumika kwenye vifaa vya ujenzi. Kwa mtu wa fedha hiyo ni lugha. Korido ikabaki upande mmoja.

Sasa madirisha. Hapa ndo naomba mnisikilize vizuri maana ndo kosa tunalofanya nchi nzima. Dirisha la kuslaidi la aluminiamu kioo kimoja kinateleza nyuma ya kingine, yaani hata ulifungue mpaka mwisho umefungua nusu. Umelipia dirisha zima unapata upepo wa nusu dirisha, na kile kioo kingine kinaingiza joto. Zile luva za zamani, vipande vinavyopangwa kimoja juu ya kingine na kuinamishwa, tulizozing'oa tukaziita za kizamani zinafunguka karibu zote. Nilimwomba kontrakta tujenge chumba kimoja cha mfano saiti kabla ya kuagiza kitu chochote, dirisha moja la kuslaidi na jingine la luva ya mbao. Nikachana toilet pepa vipande virefu nikavifunga kwenye mshipi wa kuvulia, mmoja dirishani, mmoja katikati ya chumba usawa wa kitanda cha juu, mmoja juu ya mlango. Saa tisa alasiri, kusi linavuma la kiasi tu. Dirisha la kuslaidi likiwa wazi vipande vya dirishani vinacheza na vya katikati vinaning'inia kama nguo kwenye kamba siku ya mawingu. Tukabadilisha, tukafungua luva na tundu la juu ya mlango, vile vya katikati vikainuka vikalala karibu usawa. Fundi mkuu alisimama chini yake kafumba macho, ameshika kofia mkononi. "Dada, hapa nalala hata sasa hivi."

Nikadhani nimemaliza. Siku iliyofuata nikawaalika wanafunzi wanne wa kike wa chuo kile kile waje waangalie, na mmoja wao, binti mpole hajasema kitu nusu saa nzima, akaniambia, "Dada, sisi usiku tunafunga pazia. Na mlango tunafunga." Kwisha. Vipande vyote vikaning'inia tena. Mimi nilikuwa nimeishi hosteli ya wasichana miaka mitatu, nimefunga pazia kila usiku, na nilipokaa mezani kuchora nikasahau.

Kwa hiyo tukarudi. Fimbo ya pazia tumeishusha, juu yake imebaki nafasi ya sentimita 40 yenye luva zisizohamishika zilizoinamia nje, mtu wa chini haoni kitu na hewa inapita muda wote. Juu ya mlango tumeweka tundu la upana wote wa mlango, lina nondo na wavu. Chini ya dirisha, usawa wa kitanda cha chini, kuna luva nyingine ndogo kwa ajili ya anayelala chini maana wote tunafikiria wa juu tunasahau wa chini. Mlango umefungwa, pazia limefungwa, laptopu iko salama, na upepo unapita. Kwa mbu tumeweka wavu kwenye matundu yote na wavu unapunguza upepo sana, hilo ukilijua mapema unaongeza ukubwa wa tundu, ukilijua umeshapiga plasta hakuna cha kufanya.

Paa sitalizungumza sana. Wateja wote siku hizi wanataka bati la rangi ya damu ya mzee, na mimi nilipigania jeupe nikalipata, na chini yake kuna dari na nafasi iliyo wazi pembeni kwa wavu ili hewa ya moto itoke. Mtu asilale chini ya bati tupu.

Kitu kilichonishangaza kwenye kazi hii yote kilikuja mwishoni, na hakihusu joto. Nilikaa na fundi umeme tukaorodhesha mwanafunzi anatumia nini. Taa za LED mbili kwa chumba, masaa 6, bloku nzima hazifiki unit 8 kwa siku. Simu zote 288, kama unit 5. Pampu ya kupandisha maji kwenye tenki watu wanaiogopa lakini kupandisha maji ya watu hawa mita 15 ni kama unit 2 tu, kisima kirefu ndo kinaongeza, na ukiipiga mchana kwa sola lile tenki linakuwa ndo betri yako. Laptopu zinafika kama unit 29 kama nusu yao wanazo. Feni unit 43. Halafu tukafika kwenye jiko la koili.

Hosteli zote zimeandika mlangoni MARUFUKU KUPIKA na hosteli zote wanapika. Nilikwenda kumwona matroni wa hosteli ya zamani ya kile chuo, mama mtu mzima, nikamwamkia, akanipeleka stoo akanionyesha kapu limejaa majiko ya koili, mengine waya umeungwa kwa selotepu, moja soketi yake imeyeyuka imekuwa nyeusi. "Mwanangu, haya nakusanya kila muhula, na kila muhula yanarudi." Akakaa kimya kidogo, halafu akataja bumu, hela ya mkopo wa wanafunzi. "Bumu likikata wale watoto watakula nini?" Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nachora hosteli ya watu wasiokula.

Koili ya wati 1,000 ikichemsha maharage masaa mawili ni unit 2. Chumba kimoja kimoja kikichemsha hivyo mara moja kwa siku, vyumba 72, ni unit 144, zaidi ya mara tatu ya feni zote. Na yanachemkia chini ya kitanda, kwenye ekstensheni ya elfu nne, pembeni ya godoro. Presha kuka ya umeme nayo ni wati 1,000 lakini ikishapanda presha inajizima na kujiwasha yenyewe na imezibwa joto lisitoke, maharage yale yale inamaliza kwenye nusu unit hivi. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034, lengo asilimia 80 ya Watanzania, na nilijiuliza hawa watoto wa hosteli wamehesabiwa wapi. Kwa hiyo kila ghorofa tumeweka jiko, upande wa magharibi karibu na vyoo ili mvuke uende na upepo, meza ya zege, soketi sita kila moja na breka yake, presha kuka za chuo zimefungwa kwa mnyororo, sinki mbili, na pembeni meza ya kupigia pasi. Bodi walikataa mara mbili. Aliyewageuza ni matroni, aliingia kikaoni na lile kapu akaliweka juu ya meza.

Bloku A imefunguliwa mwaka jana. Kuna yaliyoniuma, greda la kontrakta liling'oa miembe mitatu mikubwa upande wa mashariki Jumamosi moja ambayo hakuna aliyekuwa saiti, miembe iliyokuwa imechorwa kwenye ramani na kuandikwa ibaki. Tumepanda miarobaini, itachukua miaka. Februari mwaka huu nilikwenda usiku, matroni akanipandisha ghorofa ya juu chumba cha mwisho, hodi, wakafungua mabinti wanne na wa tano anayebebwa kajificha nyuma ya mlango, nikajifanya sijamwona. Feni iko namba mbili. Niliweka kiganja ukutani, ni ukuta wa kawaida, kama mlango, kama meza. Mmoja akaniambia alfajiri wanaizima feni kabisa maana inawapiga baridi.

Halafu nikaona makasha. Zile luva za juu ya pazia, kwenye madirisha ya upande wa kusini, karibu zote wameziba kwa makasha ya biskuti na gundi ya karatasi. Nikauliza kwa nini, wakaniambia masika iliyopita mvua ya kusi iliingia kwa pale ikalowesha kitanda cha juu, daftari na godoro, na wakaziba na hawajazibua. Kibaraza cha nusu mita kinatosha kwa jua. Kwa mvua inayokuja imelala na upepo hakitoshi, na mimi nilipiga hesabu ya jua tu.

Bloku B inaanza kuchimbwa msingi Julai. Nimeongeza sentimita 30 kwenye vibaraza vyote vya kusini na zile luva za juu sasa zinafungika kwa kamba kutoka kitandani. Mkadiriaji ameshanipigia kuuliza hizo sentimita 30 ni za nini. Nimemwambia mvua kubwa ya kwanza ikianza twende wote Kibaha, tukae kile chumba cha juu, kitanda cha juu, tuondoe lile kasha.